Dawa za shambulio la moyo kwenye chumba cha dharura: mwongozo kwa hospitali iliyo mbali na Cathlab (maabara ya kuzibua mishipa ya moyo)

Mwaka 1988 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya ISIS-2, utafiti uliohusisha wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata shambulio la moyo. Katika kundi lililopewa dawa bandia tu, asilimia 13.2 walifariki kwa maradhi ya moyo na mishipa ndani ya wiki tano. Katika kundi lililopewa aspirini pamoja na streptokinasi, waliofariki walikuwa asilimia 8. Hakuna aliyewekewa kizibuo cha chuma (stenti) kwenye mshipa ili kupata tofauti hiyo. Ni kidonge na dripu ya saa moja.

Naanza na takwimu hizo kwa sababu bado kuna hospitali ambako mgonjwa akigundulika tu ana shambulio la moyo, husemwa "hapa hatuna cha kumfanyia", kisha huandikiwa rufaa na kupakiwa kwenye gari bila hata aspirini. Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Msuli wa moyo haungoji safari hiyo. Sehemu kubwa ya tiba inayookoa maisha iko ndani ya uwezo wa hospitali ya wilaya, mradi dawa zitolewe kwa mpangilio na bila kusubiri.

Mwongozo huu ni wa daktari, tabibu na muuguzi wa zamu. Dozi zote ni za mtu mzima. Uende sambamba na mwongozo wa tiba wa nchi yako, na pale unapoweza kumpigia simu daktari bingwa wa moyo, mpigie huku dawa za mwanzo zikiendelea kutolewa. Kama unasoma ukiwa nyumbani na kifua kimekubana sasa hivi, tafuna aspirini ya 300 mg (ikiwa huna mzio nayo na hutapiki damu), tafuta mtu akupeleke hospitali yenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), wala usianzie duka la dawa.

Dawa hizi zinafanya nini

Shambulio la moyo huanza pale utando wa mafuta ndani ya mshipa unaolisha moyo unapopasuka. Chembe sahani za damu hukimbilia hapo na kushikamana, kisha nyuzi za protini hufunga donge lote na njia ya damu huziba. Kwa hiyo tuna makundi matatu ya dawa zinazoshughulikia kiini cha tatizo: zinazozuia chembe sahani kushikamana (aspirini na klopidogreli), zinazozuia donge kukua (heparini na jamaa zake), na zinazoyeyusha donge lenyewe (streptokinasi, tenekteplasi, alteplasi). Dawa nyingine zote, zikiwemo za maumivu na za presha, ni wasaidizi. Ukiwa na haraka na mikono michache, kumbuka mpangilio huo.

Hatua ya 1: ECG ndani ya dakika 10

Dawa ya kuyeyusha donge inaweza kuua ikitolewa kwa ugonjwa usio wake, kwa hiyo ECG haina mbadala. Ifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa aingie mlangoni, kabla ya kufungua faili na kabla ya malipo.

Nani afanyiwe? Kila mtu mzima mwenye maumivu au kubanwa kifua, lakini pia yule mama mwenye kisukari anayesema tu ameishiwa nguvu na anatoka jasho jembamba, na yule mzee anayeshika chembe ya moyo na kuomba dawa ya vidonda vya tumbo. Tafiti zilizofanyika katika idara ya dharura mjini Moshi zimeonyesha kwamba wagonjwa wengi wenye shambulio la moyo hutibiwa kwa jina la ugonjwa mwingine. Kiungulia kilichoanza ghafla kwa mtu wa miaka 55 mwenye presha ni cha kufanyiwa ECG kwanza, omeprazoli baadaye.

Tunachotafuta ni kupanda kwa ST (kipande cha mstari wa ECG kinachofuata wimbi kubwa la pigo) katika lidi (pande ambazo ECG hutazamia moyo) mbili zinazopakana: milimita 1 au zaidi katika lidi zote isipokuwa V2 na V3. Kwenye V2 na V3 kipimo ni milimita 2 kwa mwanamume wa miaka 40 na kuendelea, 2.5 kwa mwanamume wa chini ya miaka 40, na 1.5 kwa mwanamke. Ukiona ST imepanda kwenye lidi II, III na aVF, yaani upande wa chini wa moyo, hamisha elektrodi ya V4 iende upande wa kulia wa kifua na upime tena. V4R ikipanda, chumba cha kulia cha moyo kimeguswa, na jambo hilo linabadilisha dawa utakazotoa hatua ya 3. ST ikiwa imeshuka V1 hadi V3, weka elektrodi mgongoni (V7 hadi V9). Huenda shambulio liko nyuma ya moyo.

Kuna mitego miwili ambayo kwetu tunakutana nayo sana. Wa kwanza ni vijana wa kiume wenye afya, hasa wenye asili ya Kiafrika, ambao ST zao hupanda kwa kawaida bila ugonjwa wowote. Wa pili ni wagonjwa wa presha ya miaka mingi ambao kuta za moyo zimenenepa. Hao huonyesha mawimbi makubwa na ST iliyopanda V1 hadi V3. Dawa ya mitego yote miwili ni kurudia ECG kila baada ya dakika 10 hadi 15. Shambulio halisi hubadilika. Maumbile hubaki vilevile. ECG ya zamani ikipatikana kwenye faili, ilinganishe.

Usisubiri troponini (protini ya msuli wa moyo inayopimwa kwenye damu) kama ST imepanda na dalili zinaendana. Kipimo hicho huchukua saa kadhaa kupanda, na kikiwa hasi saa ya kwanza hakikupi ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani.

Hatua ya 2: Aspirini

Toa 300 mg, itafunwe. Kama mnavyo vidonge vidogo vya 75 mg, ni vinne. Vile vyenye ganda la kulinda tumbo hunyonywa polepole, kwa hiyo avitafune vizuri badala ya kumeza vizima. Baada ya hapo ni 75 hadi 100 mg kila siku.

Kinachozuia aspirini ni mzio wa kweli au kutokwa damu kwingi wakati huohuo. Historia ya "tumbo linanisumbua" haitoshi kumnyima. Mpe, na uongeze omeprazoli au pantoprazoli.

Kuhusu malipo: aspirini itoke kwenye kisanduku cha dharura, hesabu zifuate baadaye. Hospitali inayomtuma ndugu akanunue aspirini nje ya geti inapoteza dakika ambazo hakuna dawa ya gharama itakayozirudisha.

Hatua ya 3: Maumivu na pumzi, pamoja na mambo ya kuacha

Anza na ya kuacha, maana yanafanyika kwa mazoea.

Acha sindano ya diklofenaki. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, huongeza hatari ya kifo na ya shambulio jingine kwa mgonjwa wa aina hii. Na ukiacha dawa yenyewe, tatizo la pili ni njia: sindano yoyote ya msuli kabla ya dawa ya kuyeyusha donge inaweza kujaza damu kwenye paja au kalio. Mgonjwa wa shambulio la moyo dawa zake hupita kwenye mshipa, mdomoni au chini ya ngozi. Weka kanula mbili nzuri mikononi mapema, ili usilazimike kumtoboatoboa baadaye damu yake ikiwa haigandi.

Acha oksijeni kwa asiyeihitaji. Utafiti wa DETO2X wa Sweden, uliotolewa mwaka 2017, haukuona faida yoyote kwa wagonjwa wenye kiwango cha asilimia 90 au zaidi. Toa oksijeni kikiwa chini ya 90, au mgonjwa akihangaika kupumua.

Nitreti, yaani nitrogliserini ya 0.4 au 0.5 mg au isosobaidi dinitreti ya 5 mg chini ya ulimi, hupunguza maumivu na presha. Inaweza kurudiwa kila dakika 5 hadi mara tatu. Lakini haijathibitika kupunguza vifo, kwa hiyo usiitoe kwa lazima pale ambapo kuna shaka. Usiitoe kabisa namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, au V4R ikiwa imepanda: mgonjwa wa chumba cha kulia hutegemea damu inayorudi kwenye moyo, na kidonge kimoja cha nitreti kinaweza kumwangusha. Huyo presha ikishuka hupewa maji ya dripu, mililita 250 kwa mara, huku ukisikiliza mapafu.

Kizuizi cha tatu ni vidonge vya nguvu za kiume. Aliyetumia sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, akipewa nitreti presha yake inaweza kushuka hadi hatari ya kifo. Wanaume hawalisemi hili mbele ya mke na watoto. Waombe ndugu wasubiri nje kidogo, sogea karibu, sema kwa sauti ya chini: "Shikamoo mzee. Samahani kwa swali hili, nauliza kwa ajili ya usalama wako na halitoki hapa. Jana au leo umetumia dawa yoyote ya nguvu za kiume, hata ya mitishamba?" Hiyo ya mitishamba iulize kwa makusudi, kwani baadhi ya bidhaa hizo zimekutwa zimechanganywa na sildenafili.

Maumivu yakibaki makali, changanya morfini 10 mg na maji ya chumvi yafike mililita 10, kisha toa 2 hadi 4 mg polepole kwenye mshipa, ukirudia kila dakika 5 hadi 15 kulingana na hali. Hesabu pumzi na uwe na naloksoni karibu. Morfini huchelewesha tumbo kunyonya klopidogreli, hivyo itumike kwa maumivu makali tu. Akitapika, metoklopramidi 10 mg kwenye mshipa.

Hatua ya 4: Klopidogreli

Anayekwenda kupewa dawa ya kuyeyusha donge na ana miaka 75 au chini, mpe 300 mg kwa mara moja (vidonge vinne vya 75 mg), halafu 75 mg kila siku. Aliyezidi miaka 75 aanze na 75 mg tu. Tikagrela na prasugreli zina nguvu zaidi, lakini siku ya kuyeyusha donge zisitumike. Hatari ya kuvuja damu inakuwa kubwa mno.

Hatua ya 5: Uamuzi mkubwa, kuyeyusha au kusafirisha

Hapa ndipo maisha ya mgonjwa yanapoamuliwa, na naomba msomaji atulie.

Kuzibua mshipa kwa Cathlab ni bora kuliko dawa, kama kunawezekana ndani ya dakika 120 tangu ECG ionyeshe tatizo. Dakika hizo zinahesabu kila kitu: kupata gari, barabara, mapokezi, timu kufika, hadi waya kupita kwenye mshipa. Kwa aliye Kibaha mchana, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam inaweza kufikika kwa muda. Kwa aliye Tunduru, Sumbawanga au Kibondo haiwezekani, kama isivyowezekana kutoka Lodwar kwenda Nairobi. Kwa hao, ikiwa dalili hazijazidi saa 12, dawa itolewe palepale, na lengo ni dakika 10 tangu utambuzi. Gari liitwe huku dripu inaingia.

Kuchelewa kunaharibu faida kwa kasi. Katika utafiti wa GISSI uliofanyika Italia na kutolewa mwaka 1986, waliopata streptokinasi ndani ya saa ya kwanza vifo vyao hospitalini vilipungua kwa karibu nusu. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti kubwa tisa, uliotolewa mwaka 1994, ulionyesha kuokolewa kwa maisha kama 30 katika kila wagonjwa 1,000 wanaotibiwa ndani ya saa 6, na kama 20 kwa wanaotibiwa kati ya saa 7 na 12. Donge la saa moja ni laini. La saa kumi limekaza kama saruji.

Kabla ya kuchanganya dawa, pitia orodha hii kwa sauti, muuguzi akiweka alama. Mgonjwa *asipewe* kama:

- amewahi kuvuja damu kichwani, wakati wowote maishani
- amepata kiharusi cha mshipa kuziba ndani ya miezi 6 iliyopita
- ana uvimbe kwenye ubongo au kasoro ya mishipa ya ubongo
- amefanyiwa upasuaji mkubwa, ameumia vibaya au amegongwa kichwa ndani ya mwezi mmoja
- ametapika damu au kupata choo cheusi ndani ya mwezi mmoja
- ana ugonjwa wa damu kutoganda
- kuna dalili za kupasuka kwa utando wa mshipa mkuu wa damu
- ametobolewa ini au uti wa mgongo ndani ya saa 24

Hilo la mshipa mkuu lina njia rahisi ya kulichunguza: pima presha mikono yote miwili. Tofauti inayozidi 20, maumivu ya kuchanika yaliyohamia mgongoni, au kivuli kipana katikati ya kifua kwenye eksirei, vikufanye usimame.

Kuna hali nyingine zinazohitaji kupima faida na hasara: ujauzito au wiki ya kwanza baada ya kujifungua, kutumia warfarini, ini lililoharibika sana, vidonda vya tumbo vilivyo hai, na kukandamizwa kifua kwa muda mrefu baada ya moyo kusimama. Presha iliyozidi 180 kwa 110 ishushwe kwanza, kwa nitreti ya dripu au labetaloli 10 mg kwenye mshipa. Usikimbilie haidralazini kwa kuwa ndiyo iliyo kabatini kwa ajili ya kifafa cha mimba. Huongeza mapigo ya moyo, na moyo unaokosa damu hauhitaji kuongezewa kazi.

Kuzungumza na mgonjwa na familia

Mazungumzo haya ni sehemu ya tiba. Mgonjwa mwenye fahamu ndiye anayeamua, lakini kwetu mama na watoto wakubwa huwa pembeni na hutaka kusikilizwa. Maneno yanaweza kuwa haya: "Mzee, na wewe mama, mshipa unaopeleka damu kwenye moyo umeziba kwa damu iliyoganda. Tunayo dawa ya kuiyeyusha. Tukiitoa sasa nafasi ya kupona inaongezeka. Ina hatari pia: kati ya watu mia, mmoja hivi huvuja damu kichwani, na hilo linaweza kumpoozesha au kumuua. Tusipoitoa, msuli wa moyo unaendelea kufa. Sisi tunashauri apewe."

Halafu nyamaza wajibu. Wakisema wamsubiri kaka mkubwa aliye Dar, piga simu hapohapo, weka sauti ya nje, rudia maneno yaleyale. Usiwaambie "mkaamue mtuambie". Andika kwenye faili saa na jina la aliyeridhia.

Hatua ya 6: Kutoa dawa ya kuyeyusha donge

Mgonjwa awe kwenye mashine inayoonyesha mapigo, na mashine ya kushtua moyo iwe imewashwa kando ya kitanda.

*Streptokinasi* ndiyo ya bei nafuu na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dozi ni yuniti milioni 1.5 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, kwa dakika 30 hadi 60. Wakati wa kuchanganya zungusha chupa taratibu; ukiitikisa inatoa povu. Pima presha kila dakika 5. Mara nyingi presha hushuka: punguza kasi au simamisha, inua miguu, toa maji mililita 250, na ikipanda endelea polepole. Usiitupe dozi kwa sababu ya presha iliyoshuka mara moja. Kwa kuwa dawa hii hutokana na bakteria, mwili huitengenezea kinga, na aliyewahi kuipata asipewe tena. Akitokwa vipele na kuwashwa, mpe klofeniramini na haidrokotisoni. Akivimba koo na kukata pumzi, hapo adrenalini 0.5 mg ya msuli inaruhusiwa bila mjadala.

*Tenekteplasi* ni rahisi kutoa: sindano moja ya mkupuo ya sekunde 5 hadi 10. Chini ya kilo 60 ni 30 mg. Kilo 60 hadi 69 ni 35. 70 hadi 79 ni 40. 80 hadi 89 ni 45. Kilo 90 na kuendelea ni 50. Mwenye miaka zaidi ya 75 apewe nusu ya dozi yake. Haipatani na maji ya glukosi, hivyo safisha kanula kwa maji ya chumvi kabla na baada. Kama bajeti inaruhusu kuchagua, mimi ningeiweka hii hospitali za pembezoni, ambako muuguzi ni mmoja na hawezi kukaa saa nzima akiangalia dripu.

*Alteplasi*: 15 mg ya mkupuo, kisha 0.75 mg kwa kilo ndani ya dakika 30 (isizidi 50 mg), kisha 0.5 mg kwa kilo ndani ya dakika 60 (isizidi 35 mg).

Hatua ya 7: Kuzuia donge lisirudi

Donge likiyeyuka huwa na hamu ya kuganda upya, kwa hiyo enoksaparini inaambatana na dawa hizo. Chini ya miaka 75: 30 mg ya mkupuo kwenye mshipa, na baada ya dakika 15 anza 1 mg kwa kilo chini ya ngozi kila saa 12, dozi mbili za kwanza za ngozi zisizidi 100 mg kila moja. Miaka 75 na zaidi: hakuna mkupuo, ni 0.75 mg kwa kilo kila saa 12, dozi mbili za kwanza zisizidi 75 mg. Figo zikiwa dhaifu sana, yaani uchujaji chini ya mililita 30 kwa dakika, toa 1 mg kwa kilo mara moja kwa siku. Huendelea hadi azibuliwe mshipa au aruhusiwe, isizidi siku 8.

Isipokuwepo, heparini ya kawaida: yuniti 60 kwa kilo (isizidi 4,000), kisha 12 kwa kilo kwa saa (isizidi 1,000), mkipima aPTT (muda wa damu kuganda). Usichanganye zote mbili.

Hatua ya 8: Dakika ya 60 hadi 90

Rudia ECG. Tazama lidi iliyokuwa imepanda zaidi. Ikiwa ST imeshuka kwa zaidi ya nusu na maumivu yamepungua, mshipa huenda umefunguka. Ikiwa haijashuka, dawa imeshindwa, na hapo rufaa ni ya haraka hata kama ni usiku. Usirudie streptokinasi.

Wakati mshipa unafunguka, mapigo mapana ya taratibu, 50 hadi 110 kwa dakika, yanaweza kutokea na kutisha kila aliye chumbani. Presha ikiwa nzuri, yaache, yanapita. Yasiyoachwa ni haya: moyo ukitetemeka bila kusukuma damu, shtua mara moja na kandamiza kifua, na mashtuko ya mwanzo yakishindwa ongeza adrenalini 1 mg kila dakika 3 hadi 5 na amiodaroni 300 mg. Mapigo yakishuka sana na presha ikianguka, atropini 0.5 hadi 1 mg, isizidi jumla ya 3 mg. Lidokeini ya "kuzuia" kabla tatizo halijatokea haina nafasi.

Kichwa kikianza kumuuma ghafla, akitapika, akachanganyikiwa au upande mmoja ukalegea, chukulia ni damu kichwani hadi ithibitike vinginevyo. Simamisha kila dawa ya damu, toa traneksamiki asidi 1 g, protamini ikiwa alipata heparini au enoksaparini, plazma au damu safi kama ipo, na CT skani popote inapopatikana. Fizi kutoka damu kidogo au alama ya bluu kwenye kanula hakuhitaji kusimamisha chochote. Bana kwa pamba.

ST isipopanda

Mgonjwa mwenye ST iliyoshuka au troponini iliyopanda bila ST kupanda *hapewi* dawa ya kuyeyusha donge. Haimsaidii, na hatari ya kuvuja inabaki palepale. Huyu hupata aspirini, klopidogreli 300 mg, na fondaparinaksi 2.5 mg kwa siku au enoksaparini, kisha rufaa. Maumivu yakikataa kuisha au presha ikishuka, rufaa hiyo ni ya saa hiyohiyo.

Moyo ukishindwa kusukuma

Mapafu yakijaa maji na presha ni nzuri: mkalishe wima, furosemidi 40 mg kwenye mshipa, nitreti. Presha ikiwa chini na mikono baridi, hiyo ni hali mbaya kuliko zote. Noradrenalini ndiyo chaguo la kwanza, dobutamini ikiongezwa. Dopamini huleta mapigo yasiyo ya kawaida zaidi. Mgonjwa huyu apelekwe Cathlab hata kama saa zimepita.

Saa 24 za kwanza

Atovastatini 80 mg ianze siku hiyohiyo, bila kusubiri kipimo cha mafuta. Anayetumia dawa za virusi vya Ukimwi zenye ritonaviri asipewe simvastatini kabisa, na atovastatini yake iwe ya dozi ndogo. Kwenye dolutegraviri hakuna shida hiyo.

Kaptopili au lisinopili kwa dozi ndogo ianze namba ya juu ya presha ikiwa zaidi ya 100, hasa kama shambulio liko mbele ya moyo, au mgonjwa ana kisukari au moyo dhaifu.

Metoprololi inahitaji uangalifu. Utafiti wa COMMIT uliofanyika China kwa wagonjwa 45,852, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kuitoa mapema kwenye mshipa kulipunguza mapigo hatari, lakini wagonjwa 11 zaidi katika kila 1,000 waliingia kwenye hali ya moyo kushindwa kusukuma damu na presha kuanguka. Toa ya kidonge, kwa dozi ndogo, kwa aliyetulia: hana maji kwenye mapafu, presha si ya chini, mapigo si ya taratibu wala ya kasi sana.

Barua ya rufaa

Hata aliyepona maumivu apelekwe kwenye Cathlab, ikiwezekana kati ya saa 2 na 24 baada ya dawa. Barua iwe na saa, si tarehe pekee: maumivu yalianza saa ngapi, ECG ya kwanza saa ngapi, kila dawa na dozi yake na saa iliyotolewa, presha ya chini kuliko zote, na ECG zote mbili, ya kabla na ya baada. Andika wazi "amepata streptokinasi" na mpe mgonjwa nakala aihifadhi, maana miaka mitatu baadaye daktari mwingine atahitaji kujua. Muuguzi anayemsindikiza abebe mashine ya kushtua moyo, adrenalini, atropini na amiodaroni, na aandike pembeni mwa barua saa ya dozi inayofuata ya enoksaparini, ili isirukwe barabarani wala isitolewe mara mbili akifika.